Boljointi Ilikataa Kutoka Siku Mbili, na Hiyo Ndio Sehemu Vidio Hukata

Wasee, leo nina maoni na najua yatakera watu wawili watatu hapa. Gari ya zamani haikumalizi pesa kwa sababu imezeeka. Inakumaliza kwa sababu hujui iko na nini, na kila mtu anayekuambia iko na nini anataka kukuuzia kitu.

Mimi si makanika. Wale mmekuwa hapa kitambo mnajua niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokwama, na tangu hapo nakula kwa kupiga picha, kuedit vidio za watu na kuwaandikia nyinyi haya maoni yangu. Lakini mwezi uliopita nilibadilisha boljointi mbili za mbele za gari ya mathee, kwenye ploti yetu, nikiwa na Anko. Moja ilitoka kwa dakika arobaini. Ingine ilituchukua Jumamosi mchana mpaka Jumapili jioni. Nataka kuwaambia hiyo ya pili, kwa sababu nimeona vidio nyingi za hii kazi na zote zinakata pale chuma kinakataa.

Kwanza, kwa nini ilikuwa lazima.

Gari ni Toyota Corolla 110, injini ya 5A, imetengenezwa 1999. Iliingia Kenya 2007 ikiwa na miaka minane, ile ile ambayo sheria yetu inaruhusu gari ya mtumba mwisho, ikapewa namba za KBA. Baba ndiye aliinunua. Baba hayuko tena, gari iko. Mathee anaitumia kupeleka chakula kwa mjengo. Anaamka saa kumi usiku, anapika githeri, wali, ndengu na chapati, na kufika saa tano na nusu asubuhi sufuria ziko kwa buti zimefunikwa na blanketi, anaelekea saiti. Watu wa mjengo hawangoji. Saa saba ikipita kama hujafika, wameshakula kwa mtu mwingine, na kesho watarudi kwa huyo mtu mwingine.

Kwa hivyo mtu akisema "si muuze hiyo kitu," anafikiri tunaongea kuhusu gari. Tunaongea kuhusu kodi ya nyumba na karo ya ndugu yangu mdogo. Broka mmoja alikuja akaizunguka mara moja, akapiga tairi teke, akasema 170,000. Mathee alimpa chai na kumsindikiza mpaka geti.

Shida ilianza na sauti. Ukipita tuta, upande wa kushoto mbele unasikia "ko". Shimo, "ko ko". Baadaye usukani ukaanza kuwa na akili yake: ukiwa Thika Road kwa spidi ya kawaida, gari inataka kuhama leni bila kuulizwa. Tairi ya kushoto ikaanza kulika upande wa ndani.

Tukaipeleka garaji moja. Sitaitaja. Jamaa aliiinua, akaitingisha, akaandika kikaratasi: lowa amu mbili, shokapu mbili, boljointi mbili, bushi, na kazi. 38,500. Nikamuuliza, "Boss, kati ya hizi zote, ni gani inafanya hiyo sauti?" Akamgeukia ndugu yangu wa miaka kumi na tano, akamwambia, "Hii mbele yote imekwisha, bro." Mimi ndio nilikuwa nimeuliza. Mimi ndio nilikuwa nalipa.

Sisemi alikuwa anadanganya. Pengine kila kitu kwenye hiyo karatasi kilikuwa na umri wake. Lakini "yote imekwisha" si jibu la swali "ni gani". Nikachukua kikaratasi, nikampigia Anko.

Anko ni ndugu mkubwa wa mathee. Alitengeneza mabasi miaka thelathini na kitu, sasa amestaafu, magoti yamegoma lakini mikono iko sawa. Aliniambia kitu kimoja kwa simu: "Mami, kabla ununue chochote, niambie ni nini imelegea. Usiniambie sauti. Sauti inasafiri. Niambie ni nini inacheza."

Sasa niwaeleze hii boljointi ni kitu gani, kwa sababu bila kuelewa hapa kazi yote inaonekana kama vita ya nyundo.

Angalia kiwiko chako, halafu angalia bega lako. Kiwiko kinakunja njia moja. Bega linazunguka pande zote, kwa sababu ni mpira ndani ya kikombe. Boljointi ni bega. Ni mpira wa chuma ndani ya kikombe cha chuma, umejazwa grisi, umefunikwa na kifuniko cha mpira laini. Kikombe kimefungwa kwa lowa amu, ule mkono wa chuma unaotoka chini ya gari. Kwenye mpira kuna kijiti, na kijiti kimeingia kwa chuma kinachobeba gurudumu. Hapo gurudumu linaweza kupanda na kushuka kwa mashimo na bado likate kona.

Gari nyingi ndogo tunazoendesha zinatumia mtindo wa mhandisi Mmarekani aliyeitwa Earle MacPherson, ambao Ford walizindua Uingereza 1950 kwenye Consul na Zephyr. Kwa mtindo huo, uzito wa gari unashuka kupitia springi na shokapu. Boljointi ya chini haibebi huo uzito. Kazi yake ni kushikilia mguu wa gurudumu pale unafaa kuwa. Ndio maana ikichoka gari bado inatembea, na unaweza kujidanganya wiki nyingi. Lakini siku mpira utachomoka kwa kikombe, gurudumu linalala upande, shafti inavutwa nje, na usukani ulioshika mkononi hauna maana tena. Sasa weka hiyo picha kwa Thika Road, saa tano na nusu, mathee kwa usukani, sufuria nne za moto nyuma yake.

Hiyo ndio sababu sikungoja mwisho wa mwezi.

Kupima ni rahisi kuliko nilivyodhani. Mawe nyuma ya tairi za nyuma. Handibreki. Jeki, halafu stendi za jeki chini ya bodi. Narudia, stendi. Jeki ni ya kuinua, sio ya kulala chini yake. Sili inaweza kuchoka bila kukupigia simu. Gurudumu likining'inia, Anko alichukua mtaimbo mfupi, akauweka kati ya lowa amu na chuma cha gurudumu, akasukuma kidogo. Upande wa kushoto, kijiti kilipanda na kushuka ndani ya kikombe. Unaona kwa macho. Kile kifuniko cha mpira kilikuwa kimepasuka, grisi imetoka, vumbi ya barabara yetu imeingia. Grisi ikichanganyika na mchanga inakuwa msasa, na kila tuta unapiga msasa.

Upande wa kulia ulicheza kidogo tu, lakini kifuniko kilikuwa kimeanza kupasuka. Tukaamua kubadilisha zote mbili. Shokapu tukabonyeza kila kona ya gari tukaachilia, ikapanda mara moja ikatulia, na hazikuwa zinavuja. Zikabaki. Lowa amu hazikuwa zimepinda, bushi hazikuwa zimeraruka. Zikabaki.

Kikaratasi cha 38,500 kikageuka boljointi mbili.

Nikashuka tao, Kirinyaga Road, nikiwa na picha ya namba ya chesisi kwa simu. Hiyo namba ndio inasema gari yako ni gani hasa. Ukisema tu "Corolla" utapewa yoyote iliyo karibu na mkono wa muuzaji. Niliuliza maduka matatu. Bei zilitoka 900 mpaka 2,300 moja. Nilichukua 555, ya kampuni ya Sankei ya Japani, 2,300 kila moja, baada ya kuishika. Anko aliniambia nizungushe kijiti kwa vidole: kinafaa kuwa kigumu lakini laini, mzunguko wote sawa. Ile ya 900 ilikuwa imelegea kwa boksi, kabla hata ione barabara. Jina kubwa huigwa, kwa hivyo usinunue maandishi ya boksi. Fungua, shika, zungusha, linganisha uzito, uliza risiti.

Jumamosi saa nane mchana tukaanza. Keateka alikubali kwa masharti mawili: tusimwage oili kwa simiti, na tumalize kabla magari ya watu yarudi. Sharti la kwanza tulitimiza.

Tuliinua mbele yote, pande zote mbili. Kuna chuma kinachounganisha kushoto na kulia kuzuia gari kulala kwa kona, na ukiinua upande mmoja tu kinajipinda na kuvuta lowa amu, utapigana nacho bure. Tukaanza na kulia. Boliti moja na nati mbili zinashika boljointi kwa lowa amu, spana ya 17. Zilitoka. Kapini kenye miguu miwili kwenye nati ya juu kalitoka. Nati yenye meno kama taji ikalegea. Pula ikawekwa, ikakazwa, ikalia "pa!" ikaachia. Mpya ikaingia. Dakika arobaini. Nikarekodi yote. Nikafikiri kazi imeisha, kushoto ni kurudia tu.

Kushoto hakukuwa kurudia tu.

Nati mbili zilitoka kwa kelele. Boliti ya tatu ilikataa. Sio kwamba ilikuwa ngumu. Ilikuwa kama imechongwa pamoja na gari. Nilisimama juu ya spana na haikujua kuna mtu.

Anko akaniambia nishuke, nikae chini. Akawasha sigara ambayo mathee hajui anavuta. Akasema, "Unajua kwa nini upande huu?" Nikasema hapana. "Sisi tunaendesha kushoto. Magurudumu ya kushoto ndio yanaoga maji yote ya pembeni mwa barabara. Miaka yote hiyo, matope yako upande huu."

Kutu si uchafu uliokaa juu ya chuma. Ni chuma chenyewe kimegeuka, na kikigeuka kinachukua nafasi kubwa kuliko kilivyokuwa. Kwa hivyo ndani ya zile nyuzi za boliti, pale hapakuwa na nafasi, chuma kimevimba. Ukitumia nguvu tu, unachagua kati ya kuvunja kichwa cha boliti na kuvunja mkono wako.

Tulifanya hivi. Brashi ya waya kwanza, kusugua nyuzi zinazoonekana. WD-40 juu na chini. Kugonga kichwa cha boliti na nyundo, ngumi ndogo ndogo nyingi, ili mtetemo upasue kutu na mafuta yaingie. Halafu soketi ya pembe sita, sio ile ya pembe kumi na mbili, kwa sababu ya sita inashika mbavu za boliti na ile ingine inazila. Kisha Anko akafanya kitu kilinishangaza: akaanza kukaza. Kidogo tu, kama nywele. Akasema kutu haijali unaenda wapi, inavunjika upande wowote ukiisogeza. Kaza kidogo, legeza kidogo, mafuta, ngoja.

Saa moja jioni bado. Giza. Magari ya majirani yanarudi, kila mtu anapita na ushauri. Mmoja akasema, "Siste, si uite tu fundi?" Anko akamjibu kabla nifungue mdomo: "Yuko hapa. Ndiye huyu ameshika spana."

Tukaacha. Tukaongeza mafuta, tukafunika na gunia, tukaenda kula. Hiyo ilikuwa ngumu kwangu kuliko boliti, kwa sababu Jumatatu saa tano na nusu ilikuwa inakuja na gari ilikuwa kwa stendi bila mguu. Mathee hakusema kitu. Aliuliza tu kama tutaongeza chai. Lakini nilimsikia akipiga simu usiku, akimuuliza mtu wa tuktuk bei ya kwenda saiti na kurudi.

Asubuhi ya Jumapili nikaja na paipu ya mita moja kutoka kwa mjengo wa jirani.

Wale mlifanya fizikia kidato cha pili, mnakumbuka momenti? Nguvu mara umbali. Nilipata swali hilo kwa mtihani, nikapata maksi, nikasahau. Spana yetu ilikuwa nusu mita. Nikisukuma kwa uzito wa kilo arobaini, hiyo ni kama niutoni 400, mara nusu mita, ni 200. Weka paipu umbali uwe mita moja, mtu yule yule, chai ile ile, ni 400. Sikuongeza misuli hata moja. Sharti ni uende polepole, uvute bila kuruka, na uso wako usiwe njia ya paipu ikiteleza.

Boliti ilitoa mlio mwembamba kama mlango wa zamani. Robo mzunguko. Anko akasema simama, mafuta. Robo ingine. Rudisha. Mafuta. Dakika ishirini baadaye ilikuwa mkononi mwangu, nyekundu kama udongo wa Ruiru.

Nikafikiri tumeshinda. Bado kijiti.

Hapa ndio watu wengi huharibu gari, kwa hivyo nisikilizeni. Kile kijiti cha boljointi hakikushikwa na nati. Ndio, kuna nati, lakini ukitoa nati hakitoki. Kijiti kimechongwa kama koni, kimeinuka kikipungua, na tundu lake pia ni koni. Nati ikikazwa inavuta koni ndani ya koni mpaka vinashikana kwa msuguano peke yake. Ni kama ndoo mbili za plastiki zimeingiliana, hakuna gundi, hakuna skrubu, na bado unazungusha ukitukana. Ongeza miaka ya kutu.

Kwa hivyo mtu anatoa nati, anaona kijiti hakitoki, anachukua nyundo anapiga kichwa cha kijiti. Kijiti kinatanuka juu kama uyoga. Sasa hakitoki hata milele.

Anko aliacha nati ikiwa imeshika nyuzi chache, ili kikiachia kisirushe chuma. Akaweka pula, taya zikashika chuma cha gurudumu, skrubu ikisukuma kijiti. Nafasi ni ndogo pale, shafti iko juu yako, vidole vinapigana. Tukakaza pula mpaka ikawa ngumu. Hakuna kitu. Tukaongeza. Hakuna. Nikataka kuongeza tena, akanishika mkono. "Ukiendelea utavunja pula ya watu. Sasa ipige. Sio hapo. Hapa."

Akanionyesha upande wa chuma cha gurudumu, pale tundu liko, kwa ubavu. Nyundo ya kilo mbili, pigo moja zito, sio mia ndogo. Pigo la ubavu linafanya tundu lipoteze umbo lake kwa sekunde isiyoonekana, na kwa kuwa pula tayari inasukuma, kijiti kinapata nafasi. Nilipiga moja. Mbili. Tatu. Majirani walikuwa wanatoka kanisani wamevaa vizuri, watoto wamesimama kwa ngazi.

Pigo la tano ilikuwa kama risasi. Nilidhani nimevunja kitu. Anko alikuwa anacheka. Nati ilikuwa imekishika kijiti, kimelegea, kinacheza kama jino la mtoto.

Kuweka mpya ilikuwa rahisi, lakini ina sheria zake. Tundu la koni linasafishwa likauke, halipakwi grisi wala mafuta, kwa sababu ule msuguano uliokutesa jana ndio utakushikilia kesho. Usiache chuma cha gurudumu kiyumbe nje, kinaweza kuvuta shafti itoke kwa ndani. Nati ya taji ikikazwa na tundu la kapini halijalingana na meno, unakaza zaidi mpaka lilingane, haurudishi nyuma. Kapini ni kapya, kale ka zamani kanatupwa. Boliti yetu ya kutu pia tulitupa, tukanunua ya saizi na nguvu ile ile. Nati za gurudumu zinakazwa kwa mfano wa nyota, na mwisho gari ikiwa chini.

Saa kumi na moja jioni nilizunguka mtaa. Tuta la kwanza, kimya. La pili, kimya. Jumatatu mathee alitoka saa tano na dakika ishirini na tano. Baada ya kupeleka chakula nikaipeleka alaimenti, kwa sababu ukigusa mguu wa mbele lazima magurudumu yapimwe tena, la sivyo tairi italika vile vile na utasema spea ilikuwa feki. Baada ya kilomita mia hivi nikarudi chini na spana kuhakikisha hakuna kimelegea.

Hesabu: boljointi mbili 4,600. WD-40 na boliti 900. Pula ya kukodi 300. Alaimenti 1,500. Jumla 7,300. Anko alikataa pesa, kwa hivyo nikamtumia 2,000 na kumwambia ni za nauli. 9,300.

Sasa ngoja, kabla mniandikie "mafundi ni wezi". Hapana. Nimetumia siku mbili, wawili, kwa kazi ya mguu mmoja. Fundi akikuambia kazi ni 3,000 na wewe unamwambia 800, unajua nini iko chini ya hiyo gari? Unajua boliti ikikataa ni yeye anapoteza siku? Sisi Wakenya tunabishana na fundi kwa jasho lake, halafu hatubishani hata shilingi kwa spea ambazo hazihitajiki. Tukimlipa jasho sawa, hatakuwa na haja ya kutuuzia shokapu. Tangu hiyo wikendi mimi siombi punguzo la kazi. Ninauliza tu, "Nionyeshe inacheza wapi." Fundi mzuri anafurahia hilo swali. Anachukua mtaimbo, anakuonyesha.

Na sasa kuhusu vidio. Nilirekodi kila kitu. Simu iko na karibu saa tisa za picha. Nikiedit vile inavyotakikana, dakika moja na nusu, muziki, nati inatoka, boljointi mpya, mimi natabasamu na mafuta usoni. Najua ingeenda mbali. Kuna kampuni ndogo ya spea iliniambia ingelipa kama ningeonyesha boksi la bidhaa yao, ambayo sikutumia. Nilikataa hiyo pesa, na nilihitaji.

Kwa sababu nimefikiria: mtu wa kwanza kutazama hiyo dakika moja na nusu atakuwa msichana wa umri wangu, Jumamosi saa nane, na gari ya mathee iko kwa stendi. Boliti ya tatu itakataa. Atarudi kwa vidio kutafuta pale boliti inakataa, na hataipata, kwa sababu mimi niliikata. Ataamini ya kwamba shida ni yeye. Ataamini wengine hawakwami. Atachukua nyundo apige kichwa cha kijiti.

Kwa hivyo niliweka vidio ya dakika arobaini na saba. Dakika thelathini na moja ni boliti haitoki. Unasikia Anko akikohoa, mtoto wa jirani akiuliza kama gari imekufa. Watu waliotazama mpaka mwisho ni wachache sana, sitawadanganya. Lakini jamaa mmoja wa Nakuru aliandika kwamba ameisimamisha dakika ya kumi na nane, ameenda kulala, na asubuhi ya kwake ilitoka.

Kama uko na gari ya zamani nyumbani, au ya mzazi, fanya kitu kimoja tu mwezi huu. Usianze na breki wala usiende chini ya gari peke yako. Tafuta yule mzee wa familia yenu ambaye alishika spana zamani na hakuna anayemuuliza chochote siku hizi. Mwambie akuonyeshe ni nini inacheza. Beba stendi, beba chai, na usipange kitu kingine hiyo wikendi.

Na ikikataa kutoka, weka mafuta, funika na gunia, nenda ukale. Halafu niandikie hapa chini ni boliti gani. Mimi na Anko tutasoma zote. Ameweka hii apu kwa simu yake sasa, na ana maoni mengi kuliko mimi.